Kompyuta ikiamka na jina geni: Mtafute kwanza aliyelibadilisha

HEBU tuchukue mfano wa saiba ndogo katika Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Ni Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru wa mapato, na foleni ya wateja imeshafika barazani.

Ndani mna kompyuta tano. Nne ni za wateja. Ya tano, inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, ndiyo uti wa mgongo wa biashara yote: imeunganishwa na printa, inahifadhi nakala za vyeti na barua za watu, na ndiyo inayozigawia nyingine faili. Mwenye saiba aliipa jina la mvita. Zile nne akaziita lamu, pate, siyu na faza.

Usiku umeme ulipotea ukarudi. Asubuhi karani anaiwasha kompyuta hiyo, na pale alipozoea kuona maandishi karani@mvita, sasa anaona karani@dhcp-23. Anaapa kwamba hakugusa chochote. Kompyuta za wateja zinalalamika kuwa hazimwoni mvita. Printa haitoi hata karatasi moja. Kivinjari nacho kinakataa kufunguka, kikidai kuwa kinatumiwa na kompyuta nyingine.

Katika hali kama hii, mawazo mawili humjia mtu haraka. La kwanza ni kwamba wadukuzi wameingia. La pili ni kwamba mashine imeharibika, na fundi mwenye haraka atashauri ifomatiwe na mfumo usakinishwe upya. Ushauri huo ukifuatwa, nakala za wateja za miaka mingi huweza kupotea kwa sababu ya kosa ambalo lingerekebishwa kwa dakika chache.

Ukweli ni kwamba jina la kompyuta halibadiliki lenyewe. Upo mkono uliolibadilisha, mikono inayoweza kufanya hivyo ni michache, na aghalabu kila mmoja huacha alama. Kazi ya kwanza basi si kulirudisha jina, bali ni kumjua aliyelibadilisha. Ukilirudisha bila kumjua, atalibadilisha tena.

JINA SI ANWANI

Mwenyeji wa Mji wa Kale anapomwelekeza mgeni katika vichochoro vyake, ni nadra kumtajia nambari ya nyumba. Humtajia msikiti ulio karibu, duka la pembeni au jina la mwenye nyumba. Jina hilo likibadilika, nyumba haihami wala ukuta wake hauanguki. Anayepotea ni yule aliyeelekezwa kwa jina la zamani.

Mambo ni hayo hayo katika mtandao wa kompyuta. Kila kompyuta ina anwani ya nambari, kwa mfano 192.168.1.23, na pia ina jina. Ujumbe husafiri kwa nambari. Jina liliwekwa kwa ajili ya binadamu, ambao ni wazito wa kukumbuka tarakimu.

Katika enzi za ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, majina yote na nambari zake yaliandikwa katika faili moja iliyoitwa HOSTS.TXT, ambayo ilitunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford, California. Kompyuta zilipoongezeka, faili hiyo ilielemewa. Mnamo 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa DNS, ambao ndio hutafsiri majina ya intaneti hadi leo. Hata hivyo, faili ya zamani haikufa kabisa: kila kompyuta ya Linux ingali na kijitabu chake cha majina, /etc/hosts, ambacho tutakirejelea hapo baadaye.

Kwa hivyo jaribio la kwanza ni jepesi. Katika mashine yenye tatizo, andika amri hii ili uijue nambari yake:

ip addr

Kisha nenda kwenye kompyuta ya mteja, uibishie hodi mashine hiyo kwa nambari, halafu kwa jina:

ping 192.168.1.23
ping mvita

Ikiitika kwa nambari lakini isiitike kwa jina, tulia. Mashine ni nzima, waya ni nzima, na faili zingali mahali pake. Kilichoharibika ni jina tu.

MAJINA MATATU KATIKA MASHINE MOJA

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kompyuta ya Linux ya siku hizi, iwe inatumia Debian, Ubuntu au Fedora, inaweza kuwa na majina matatu kwa wakati mmoja.

La kwanza ni jina la kudumu. Hili huandikwa katika faili iitwayo /etc/hostname, nalo hubaki hata mashine ikizimwa. La pili ni jina la muda. Hili hukaa katika kumbukumbu ya mashine inapokuwa imewaka, na linaweza kutoka nje, yaani kwenye mtandao. La tatu ni jina la pambo, ambalo huruhusiwa kuwa na nafasi na herufi kubwa, kwa mfano Kompyuta ya Karani. La tatu halina athari katika mawasiliano.

Ili kuyaona yote, andika:

hostnamectl

Usome kwa makini kinachojitokeza. Mstari wa Static hostname ndio wa jina la kudumu, na ule wa Transient hostname, ukiwapo, ndio wa jina la muda.

Ikiwa jina la kudumu lingali mvita lakini la muda ni jingine, faili haijaguswa. Kilichobadilishwa ni jina linalotumika kwa sasa tu. Ikiwa jina la kudumu lenyewe limekuwa dhcp-23, basi kuna aliyeiandika upya faili. Na ikiwa pahali pa jina la kudumu hapana kitu, au pana neno localhost, mashine hiyo haina jina lake yenyewe. Ililo nalo imeazimwa.

DAFTARI LINALOTIA SAHIHI

Linux huandika shughuli zake katika daftari la kumbukumbu. Uzuri wa daftari hilo ni kuwa kila mstari huandikwa saa, jina la kompyuta na jina la programu iliyoandika. Kwa maneno mengine, mashine hutia sahihi yake katika kila mstari, na siku jina linapobadilika, sahihi nayo hubadilika.

Amri ya kwanza hapa chini huonyesha yaliyotokea tangu mashine ilipowashwa, na ya pili huonyesha yale ya kabla ya hapo:

journalctl -b
journalctl -b -1

Pitia mistari hadi ufike pale ambapo mvita inaisha na dhcp-23 inaanza. Mistari michache iliyo juu na chini ya mpaka huo ndiyo yenye habari. Asiye na subira ya kusoma yote anaweza kuichuja:

journalctl -b | grep -i hostname

Ukimwona NetworkManager akisema ameweka jina jipya, na mwishoni mwa mstari pakatajwa DHCPv4, basi jina limetoka kwenye mtandao. Ukiona systemd-hostnamed, mtu au programu iliyo ndani ya mashine ndiyo iliyoomba mabadiliko. Ukiona cloud-init, hiyo ni programu ya kuandaa seva, ambayo tutaieleza. Na ukiona mstari wa sudo wenye amri ya kubadilisha jina, umempata mwenyewe: mstari huo hutaja mtumiaji aliyeitoa amri, saa aliyoitoa na amri yenyewe.

Aidha, itazame tarehe ya faili ya jina:

ls -l /etc/hostname

Kama tarehe hiyo ni ya miaka miwili iliyopita ilhali jina limebadilika leo, faili haikuguswa na mkono unaoutafuta uko kwingine.

MWENYEJI ANAPOMPA MGENI JINA

Kompyuta inapoingia kwenye mtandao huwa kama mgeni aliyebisha hodi. Ruta ndiyo mwenyeji. Kwa utaratibu unaoitwa DHCP, mwenyeji huyo humpa mgeni nambari ya anwani, humwonyesha mlango wa kutokea kwenda kwenye intaneti, na akitaka, humpa jina pia.

Kwa kawaida kompyuta yenye jina lake la kudumu hulikataa jina hilo la kupewa. Lakini ile isiyo na jina, au inayojiita localhost, hulipokea. Pia kuna njia ya mzunguko: kompyuta isiyo na jina huiuliza DNS kama nambari iliyopewa ina jina, na ikijibiwa kuwa lipo, hujiita hilo.

Ndiyo maana tatizo hili hujitokeza ghafla baada ya ruta kubadilishwa. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, kampuni za kuuza intaneti zimeongezeka, na mwenye saiba anaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine. Kila ruta mpya huja na desturi zake. Ya zamani huenda haikugawa majina, mpya inagawa.

UMEME ULIPOPOTEA

Tuirudie sasa saiba yetu. Tuseme amri ya hostnamectl imeonyesha kuwa mahali pa jina la kudumu pana neno localhost, na daftari limeonyesha kwamba jina la dhcp-23 limetoka kwa ruta. Swali linabaki: kwa nini basi mashine hiyo ilijiita mvita kwa muda mrefu?

Jibu hutokana na kosa linalofanywa na wengi. Aliyesakinisha mfumo hakuandika jina, kwa hivyo faili ikabaki na localhost. Baadaye alipotaka kuipa mashine jina, aliandika amri hii:

sudo hostname mvita

Amri hiyo inafanya kazi papo hapo, na mtu akiitazama skrini huridhika. Lakini huweka jina katika kumbukumbu ya muda tu. Haiandiki chochote katika faili. Mashine ya saiba haikuwa imezimwa kwa miezi mingi, ndiyo maana jina lilidumu. Umeme ulipokatika, likafutika. Mashine ilipoamka bila jina, ruta ikaipa la kwake.

Yaani jina la mvita halikuibwa usiku ule. Halikuwahi kuandikwa.

Hata kile kioja cha kivinjari kina maelezo. Chrome inapofunguliwa katika Linux huweka kufuli kwenye kumbukumbu za mtumiaji, na kufuli hilo huandikwa jina la kompyuta. Umeme ulipokatika, kufuli lilibaki na jina la mvita. Asubuhi mashine iliyojiita dhcp-23 ilipolisoma, ilidhani kuwa mvita ni kompyuta nyingine. Jina la zamani likirejeshwa, kwa kawaida kivinjari hufunguka chenyewe.

Hatari iliyojificha zaidi iko katika nakala za akiba. Baadhi ya programu za kuhifadhi nakala huzipanga kwa jina la kompyuta. Jina likibadilika, programu huanza fungu jipya lililo tupu, na mwenye mali akilitazama huamini kuwa kazi yake ya miaka imefutika. Kumbe nakala zake zimo katika fungu lenye jina la zamani. Kabla ya kulia, au kufomati, angalia huko.

WATUHUMIWA WENGINE

Si kila mara ruta huwa ndiyo yenye lawama. Wapo watuhumiwa wengine watatu wanaofaa kuchunguzwa.

Wa kwanza ni cloud-init, programu inayopatikana hasa katika seva za kukodi. Kazi yake ni kuiandaa seva kila inapowashwa, na kulipanga jina ni miongoni mwa kazi hizo. Mwenye seva hubadilisha jina, seva huwashwa upya, na jina la mwanzo hurudi. Tiba yake ni kufungua faili ya /etc/cloud/cloud.cfg na kuandika:

preserve_hostname: true

Wa pili ni diski iliyonakiliwa. Fundi mwenye kompyuta tano za aina moja husakinisha mfumo katika moja, kisha hunakili diski yake kwa nyingine nne. Zote tano huzaliwa na jina moja. Katika mtandao wa ndani, programu ya Avahi, inayotangaza majina yanayoishia kwa .local, ikikuta jina limeshachukuliwa huliongezea nambari, na mvita ikawa mvita-2. Hapo jina la mashine halijabadilika; lililobadilika ni lile linalotangazwa.

Hali hiyo ya mvita-2 huweza kuzuka hata bila kunakili diski, kompyuta moja inapounganishwa na ruta kwa waya na bila waya kwa wakati mmoja. Nyumba za kale za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na mawimbi ya Wi-Fi hupenya humo kwa taabu. Wengi huongeza waya na kusahau kuzima Wi-Fi. Kompyuta basi husikia jina lake likitangazwa upande wa pili, na huenda ikadhani kuna mwenzake aliyelitwaa.

Wa tatu ni mwanadamu. Katika ukurasa wa mipangilio wa kompyuta nyingi za Linux mna sehemu ya kuandika jina la kifaa. Mtoto au mteja aliyeachiwa mashine iliyo wazi anaweza kulibadilisha bila kujua analofanya.

KULIREJESHA JINA

Ukishamjua aliyehusika, marekebisho si magumu. Kwanza nakili faili muhimu kwenye diski ya nje. Kisha liandike jina katika faili ya kudumu kwa amri hii:

sudo hostnamectl set-hostname mvita

Hatua inayofuata husahauliwa mno. Kile kijitabu cha majina, /etc/hosts, lazima kikubaliane na jina jipya. Kifungue:

sudo nano /etc/hosts

Katika Debian na Ubuntu, tafuta mstari unaoanza na 127.0.1.1 uufanye usomeke hivi:

127.0.1.1 mvita

Mstari wa 127.0.0.1 wenye neno localhost uuache kama ulivyo. Asiyefanya hivyo huenda akasumbuliwa na onyo la unable to resolve host kila anapotumia sudo, maana yake kuwa mashine haitambui jina lake yenyewe.

Baada ya hapo, zima mashine na uiwashe tena. Hatua hii si ya kupuuzwa, kwani programu zilizokuwa zimefunguliwa huendelea kukumbuka jina la awali, na katika baadhi ya mifumo madirisha mapya hukataa kufunguka hadi mtumiaji atoke na kuingia upya. Zaidi ya yote, kuzima na kuwasha ni njia nzuri ya kuthibitisha kuwa jina limeandikwa kweli.

Iwapo ruta itaendelea kulazimisha jina lake, NetworkManager inaweza kukatazwa kugusa jina. Tengeneza faili mpya katika folda ya /etc/NetworkManager/conf.d, uipe jina linaloishia kwa .conf, na uandike mistari hii miwili:

[main]
hostname-mode=none

Kisha iwashe upya huduma hiyo:

sudo systemctl restart NetworkManager

JE, NI WADUKUZI?

Swali hili halifai kudharauliwa, hasa katika mahali panapohifadhiwa nakala za vitambulisho na vyeti vya watu. Hata hivyo, ni vyema lijibiwe kwa ushahidi wala si kwa hofu. Mdukuzi kwa kawaida hupenda asijulikane, na kubadilisha jina la mashine ni kama mwizi kupaka rangi mlango wa nyumba aliyoingia.

Ikiwa daftari linaonyesha kuwa jina limetoka kwa ruta ya saiba, lala salama. Lakini ikiwa faili ya /etc/hostname imeandikwa upya saa nane za usiku, na hakuna mfanyakazi anayekiri, andika:

last

Amri hiyo huorodhesha walioingia katika mashine, saa walizoingia na mahali walikotoka. Ukiona mgeni, chomoa waya wa mtandao, badilisha nywila zote ukitumia kompyuta nyingine, na umwite mtaalamu kabla ya kufuta chochote. Aliyefomati mashine yake hapo amefuta pia nyayo za mwizi.

KUCHAGUA JINA LENYE KUDUMU

Mnamo 1990 Don Libes aliandika mwongozo mfupi, uliotolewa kwa nambari RFC 1178, kuhusu namna ya kuipa kompyuta jina. Miongoni mwa ushauri wake ni kuepuka kuiita kompyuta kwa jina lako mwenyewe au jina la kazi inayofanya, maana mtu huhama na kazi hubadilika huku jina likibaki. Alisifu majina ya kundi moja. Mwenye saiba aliyetumia majina ya miji na visiwa vya pwani alifuata njia njema.

Kanuni nyingine ni za kiufundi. Tumia herufi ndogo, tarakimu na kistari pekee. Usiweke nafasi wala mstari wa chini. Jina lisianze wala kuishia kwa kistari, na lisizidi herufi 63. Wala usiiite mashine localhost, kwani hilo ni jina ambalo kila kompyuta hujiitia yenyewe.

Mwisho, chukua karatasi, uandike jina la mashine, nambari yake ya anwani, tarehe na aliyeisakinisha, kisha uibandike ubavuni mwa kompyuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Umeme utakatika tena, na ruta itabadilishwa tena. Siku hiyo karani atasoma karatasi, atalinganisha na skrini, na foleni barazani haitasimama.